Admirali Grace Hopper: Askari Aliyeifundisha Kompyuta Lugha ya Watu

Siku hizi kompyuta si kitu kigeni katika kazi ya askari. Kutoka mji wa Kasese hadi Bwera, na kutoka Bwera hadi kituo cha mpaka cha Mpondwe kando ya mto Lhubiriha, mashine hizo hutumika kuandikia majina ya wasafiri, kutunzia majalada, kukadiria ushuru wa mizigo inayovuka kati ya Uganda na Kongo, na kupelekea taarifa kwa wakubwa. Watu wa sehemu hizo hawahitaji kuelezwa thamani ya taarifa sahihi ifikayo kwa wakati. Mwezi Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka huo, na wagonjwa wakalazwa katika hospitali ya Bwera. Tarehe 16 Juni 2023 wauaji waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mahali pa namna hiyo mashine ya kutunzia habari ni silaha, nayo yapasa iwe tayari wakati wote kama silaha nyingine.

Lakini kila aitumiaye mashine hiyo anayo manung'uniko yake. Askari huiwasha asubuhi akitaka kuandika taarifa ya zamu, nayo humwambia angoje, kwa kuwa inajipakulia masasisho, yaani masahihisho mapya ya programu. Kijana wa Kasese anayejifunza kuandika programu hununua bando la intaneti kwa fedha yake ya shida, na kabla hajaandika mstari wa kwanza bando limekwisha kuliwa na masasisho ambayo hakuyaomba. Tena, baada ya kusubiri, hukuta kwamba kazi aliyoiacha jana ikiwa nzima leo haiendi, kwa sababu zana aliyoitumia imebadilishwa usiku bila yeye kuulizwa.

Manung'uniko hayo yana haki, lakini si mapya. Umri wake ni sawa na umri wa kompyuta yenyewe. Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha ya mtu mmoja aliyeudhiwa na zana za kazi hiyo kabla ya karibu wote wengine, na ambaye, badala ya kunung'unika tu, alizitengeneza upya. Tumemchagua huyo kwa ajili ya ndugu zetu wa majeshi na polisi kwa sababu naye alikuwa askari. Huyo ni Marehemu Admirali Grace Hopper wa Jeshi la Wanamaji la Marekani.

UTOTO NA MASOMO

Grace Brewster Murray alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba 1906. Katika ukoo wa mama yake alikuwamo admirali wa zamani, na mtoto huyo alikua akisikia habari zake. Baba yake alikatwa miguu kwa ugonjwa, na kwa kuwa alijua kwamba huenda asiishi kuwatunza watoto wake, alisisitiza kwamba mabinti zake wapate elimu sawa na ndugu yao wa kiume. Katika siku zile wazazi wa namna hiyo hawakuwa wengi.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 7 aliifungua saa ya kengele ili aone jinsi inavyokwenda. Aliposhindwa kuirudisha kama ilivyokuwa, alifungua ya pili, kisha ya tatu, hata zikafika saba. Mama yake hakumpiga. Alimwachia saa moja ya kuchezea na kuziokoa zilizobaki. Katika kisa hicho kidogo tunamwona mtu aliyekuja kuwa baadaye: mtu asiyeridhika kukitumia chombo bila kujua ndani yake mna nini.

Alihitimu katika chuo cha Vassar mwaka 1928, akasoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1934 akapata shahada ya udaktari katika somo hilo. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, na jina hilo aliendelea kulitumia hata baada ya ndoa yao kuvunjika mwaka 1945. Hawakupata watoto. Tangu mwaka 1931 alikuwa mwalimu wa hisabati pale Vassar, na yaelekea angebaki huko hadi uzeeni kama vita visingalitokea.

VITANI

Japani iliposhambulia Pearl Harbor mwezi Desemba 1941, Bibi Hopper alitaka kujiunga na jeshi, lakini hakukubaliwa upesi. Umri wake ulihesabiwa kuwa mkubwa mno, na uzito wake ulikuwa pungufu ya kipimo cha jeshi. Hakukata tamaa. Aliomba kibali maalumu, akakipata, na mwezi Desemba 1943 akaapishwa katika askari wa akiba wa Jeshi la Wanamaji. Katika mafunzo ya uofisa alikuwa wa kwanza katika kundi lake, ingawa wengi aliosoma nao walikuwa na umri wa wanafunzi wake.

Katikati ya mwaka 1944 Luteni Hopper alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, ambako jeshi lilikuwa na mashine ya kuhesabu iitwayo Mark I, chini ya Kamanda Howard Aiken. Urefu wa mashine hiyo ulizidi mita 15 na uzito wake ulikuwa kama tani 5. Ilikuwa na mamia ya kilomita za nyaya, lakini iliweza kujumlisha mara 3 tu kwa sekunde. Simu ya mkononi iliyomo mfukoni mwa mchuuzi wa soko la Mpondwe ina nguvu ya kuhesabu isiyolinganishika na ile ya jabali hilo. Kamanda Aiken hakumpa nafasi ya kustaajabu. Alimpa wiki moja ajifunze kuiamuru mashine na kuleta hesabu ya kwanza.

Maagizo ya Mark I yaliandikwa kwa kutoboa matundu katika utepe wa karatasi. Tundu moja likikosewa, hesabu nzima iliharibika. Mashine ilifanya kazi usiku na mchana, na maofisa wakashika zamu kama walio melini. Walipiga hesabu za mizinga na za mabomu ya majini, na mwaka 1944 walipewa hesabu fulani ngumu ambazo hawakuambiwa ni za nini; baadaye ilijulikana kwamba zilihusu bomu la atomiki. Bibi Hopper aliandika pia kitabu cha maelezo ya mashine hiyo, chenye kurasa zaidi ya 500, kilichochapwa mwaka 1946. Mtu asiye na subira asingalikimaliza.

NONDO NDANI YA MASHINE

Tarehe 9 Septemba 1947 mashine iliyofuata, Mark II, ilisimama kufanya kazi. Mafundi walipoipekua walimkuta nondo amenaswa katika moja ya swichi zake za umeme. Walimtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari la matukio, wakaandika saa na mahali alipokutwa. Wataalamu wa Kimarekani walikuwa na desturi ya kuita kila hitilafu ya mashine mdudu tangu zamani, na kwa hiyo waliongeza kwa mzaha kwamba hii ndiyo mara ya kwanza mdudu halisi kuonekana. Bibi Hopper alikisimulia kisa hicho maisha yake yote, na daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya taifa lao.

Watu wengi hukumbuka kicheko cha kisa hicho na kusahau nidhamu yake. Hitilafu haikulaaniwa na kusahauliwa. Ilitafutwa, ikapatikana, ikaandikwa. Askari polisi anayeandika kila tukio katika daftari la kituo, hata lile linaloonekana dogo, anaelewa vyema kwa nini.

Miaka iliyofuata haikuwa myepesi. Vita vilipokwisha aliomba kuingia katika jeshi la kudumu, akakataliwa kwa sababu ya umri, akabaki katika akiba. Mwaka 1949 kazi yake Harvard ilikoma. Walioandika maisha yake wameeleza kwamba katika kipindi hicho alilemewa na pombe, hata rafiki zake wakahofia uhai wake na kumsihi aiache. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa maisha ya mashujaa yakisimuliwa bila udhaifu wao hayamsaidii mtu. Aliinuka tena, na kazi zake kubwa kuliko zote alizifanya baada ya hapo.

KOMPYUTA YAFANYA KAZI YA KUNAKILI

Mwaka huo wa 1949 alijiunga na kampuni ya Eckert na Mauchly mjini Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Hapo aliona wazi taabu ya waandishi wa programu. Kila mmoja alikuwa na daftari lake la vipande vya maagizo vilivyokwisha kujaribiwa, na alipohitaji kipande cha mwenzake alikinakili kwa mkono na kubadilisha namba zake zote ziafikiane na kazi mpya. Hapo ndipo makosa yalipoingia, kwani binadamu aliyechoka hukosea kunakili na hukosea kujumlisha.

Yeye mwenyewe alipatwa na taabu hiyo. Moja ya mashine za kampuni ilitumia hesabu za msingi wa nane, ambazo hazina tarakimu za 8 na 9, naye alizizoea kabisa. Baada ya miezi kadhaa akaona kwamba hesabu yake ya benki haikubaliani na ya benki yenyewe. Ndugu yake, aliyekuwa mtu wa benki, aliichunguza akagundua kwamba dada yake alikuwa akitoa fedha zake kwa msingi wa nane. Alicheka, lakini alipata fundisho kubwa. Mashine ilikuwa imemkunja binadamu afanane nayo, hali ilipasa mashine ikunjwe imfae binadamu.

Kwa hiyo mwaka 1952 alitengeneza programu iliyoitwa A-0. Mwandishi alitaja vipande alivyovihitaji tu, na kompyuta yenyewe ikavitafuta, ikavinakili, ikavipanga na kuzirekebisha namba zake. Programu ya namna hiyo wataalamu huiita kompaila, na katika maendeleo yake ndiyo mfasiri kati ya mtu na mashine. Je, alipongezwa? La. Wengi walisema kwamba kompyuta ni ya kufanya hesabu tu na haiwezi kuandika programu. Wengine walihofia kwamba ufundi wao wa siri ungekosa thamani. Baadaye Bibi Hopper alikuwa akieleza kwamba kompaila ilikuwa tayari inafanya kazi huku watu wakikataa kuigusa.

Hakuishia hapo. Alitaka makarani na wahasibu waiamuru kompyuta kwa maneno ya kawaida badala ya alama za hisabati. Wakubwa wake walimjibu kwamba kompyuta haijui Kiingereza. Akawaonyesha programu ndogo iliyoandikwa kwa Kiingereza, kisha ile ile kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani, akitaka waone kwamba kwa mashine maneno yote ni alama tu. Wakubwa wakashtuka: kompyuta ya Kimarekani itasemaje lugha za kigeni? Ilimlazimu kuwatuliza kwa miezi kadhaa kwa kuwaahidi kwamba angetumia Kiingereza pekee. Sisi tunaotumia Kiswahili, lugha ambayo kwayo vikosi vingi vya Afrika Mashariki vimezoea kuamriana, tunaona mara moja maana ya jambo hilo. Kama angalichagua maneno ya Kiswahili, mashine ingetii vile vile.

NJIA MOJA YA RELI

Lugha yake hiyo, FLOW-MATIC, ilikamilika katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1956, reli ilifika Kasese ili kuchukua shaba ya Kilembe. Wazee waliofanya kazi katika reli hiyo walielewa jambo ambalo watu wa kompyuta walikuwa bado hawajalielewa. Upana wa njia ulikuwa mmoja kutoka Mombasa hadi Kasese, na kwa sababu hiyo behewa lililopakiwa pwani liliweza kufika chini ya milima ya Ruwenzori bila mzigo kushushwa. Kama kila mji ungejenga njia ya upana wake, mzigo ungeshushwa na kupakiwa upya katika kila mji.

Hivyo ndivyo zilivyokuwa kompyuta. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake, na programu iliyoandikwa kwa gharama kubwa katika mashine moja haikufaa katika nyingine. Mwezi Mei 1959 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliita mkutano wa wataalamu wa serikali na wa makampuni ili watunge lugha moja ya kazi za ofisini. Lugha hiyo iliitwa COBOL. Si haki kusema kwamba Bibi Hopper aliitunga peke yake, kwani walioiandika ni kamati, naye alikuwa mshauri. Lakini msingi wake mkubwa ulikuwa FLOW-MATIC. Mwezi Desemba 1960 programu ile ile iliendeshwa katika kompyuta za makampuni mawili tofauti, nazo zikaitii. Behewa lilikuwa limepita bila kushushwa mzigo.

AITWA TENA KAZINI

Mwisho wa mwaka 1966 jeshi lilimstaafisha akiwa na umri wa miaka 60 na cheo cha kamanda. Yeye mwenyewe alisema kwamba ilikuwa siku ya huzuni kubwa maishani mwake. Mwezi Agosti 1967 jeshi lilimwita tena kwa miezi sita, na miezi sita hiyo ikawa karibu miaka 20.

Kilichosababisha aitwe ndicho hasa kilio cha waandishi wa programu wa leo. Makampuni yote yalidai kwamba yanauza COBOL, lakini kila moja iliipindua kidogo kwa namna yake na kuitolea matoleo mapya kila mara. Mashine ilipobadilishwa, au kompaila ilipopewa toleo jipya, programu za jeshi zilisimama. Bibi Hopper na vijana wake waliandika programu za majaribio, yaani mtihani ambao kila kompaila ilipaswa kuufanya. Iliyoshindwa ilijulikana, hata kama muuzaji wake aliisifu namna gani. Mtihani huo ulikuja kupokelewa na serikali yao yote. Kwa maneno mengine, zana ya kazi ilikaguliwa kabla ya kukabidhiwa askari, kama bunduki inavyokaguliwa na kujaribiwa kabla ya kutolewa ghalani.

Alikuwa pia mwalimu hodari. Alipoulizwa na majenerali kwa nini taarifa ipitayo katika setilaiti huchelewa, aliwapa kila mmoja kipande cha waya chenye urefu wa kama sentimita 30, akawaeleza kwamba huo ndio umbali ambao umeme waweza kwenda kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Basi wahesabu wenyewe ni nyaya ngapi mpaka setilaiti. Ofisini kwake alitundika saa ya ukutani inayokwenda kinyumenyume. Aliyeitazama alitatizika siku ya kwanza, na baada ya siku chache akaisoma bila taabu. Kwa saa hiyo aliwafundisha vijana kwamba jambo kufanywa siku zote kwa namna fulani si hoja ya kutosha ya kuendelea kulifanya hivyo.

Mwaka 1973 alifanywa kapteni wa wanamaji. Mwaka 1983, baada ya mbunge mmoja kumwona katika televisheni na kulipeleka jina lake bungeni, alipandishwa kuwa komodoo, cheo ambacho mwaka 1985 kiligeuzwa jina kuwa admirali wa daraja la chini. Alistaafu tarehe 14 Agosti 1986 juu ya meli ya kale, USS Constitution, mjini Boston, akiwa na umri wa miaka 79, ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi hilo la wanamaji. Alifariki dunia tarehe 1 Januari 1992, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Mwaka 1997 manowari iliyopewa jina lake iliingia kazini, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunukia, ingawa marehemu, nishani ya juu kabisa ya raia wa nchi hiyo.

FUNZO KWETU

Maisha hayo yanatufundisha nini sisi tunaosumbuliwa na masasisho? Tunaona kwamba Admirali Hopper alipigana katika pande mbili kwa wakati mmoja. Alipigana na wale wasiotaka kubadilika, na alipigana na wale wanaobadilisha ovyo.

Hatari ya upande wa kwanza ilionekana mwaka 2017. Mwezi Machi kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika programu yake ya Windows. Wengi walilipuuza. Tarehe 12 Mei programu ya wahalifu iitwayo WannaCry ilipita katika tundu hilo hilo, ikafunga kompyuta katika nchi nyingi, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hatari ya upande wa pili ilionekana tarehe 19 Julai 2024, wakati kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilipotoa sasisho lenye kasoro. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizimika, na ndege zikabaki viwanjani. Mlinzi mwenyewe alikuwa amevunja mlango.

Basi njia iliyo sawa si kuyakataa masasisho, wala si kuyapokea kwa macho yaliyofumbwa. Kikosi chenye nidhamu hakibadilishi walinzi wote kwa dakika moja wala hakiwabadilishi adui akiwa langoni. Vivyo hivyo, ofisi yenye nidhamu huweka saa maalumu ya masasisho, wakati kazi ni chache. Huyajaribu kwanza katika mashine moja. Huweka nakala ya kazi mahali pengine kabla ya kuanza. Na huandika daftarini kila hitilafu iliyotokea, saa yake na dalili zake, ili fundi akija asianze kubahatisha.

Na kwa kijana wa Kasese au Bwera ambaye zana zake zimemkatisha tamaa jana usiku, tunasema kwamba udhia huo ni dalili ya kazi iliyobaki kufanywa. Aiandike hitilafu yake kama alivyoandikwa yule nondo, aitafute chanzo chake, na akiweza aitengeneze kwa faida yake na ya wenzake. Mwanamke aliyekataliwa na jeshi kwa umri na kwa uzito alianza hivyo hivyo, akiwa na utepe wa karatasi na matundu yake.